Josephina na Orodha Iliyotuua

"Josephina, hivi wewe ulikufa lini?"

Aliyeuliza ni Mwanvita, jirani yake wa mlango wa pili pale Kilakala. Ilikuwa Jumatano asubuhi, Josephina ameinama kwenye beseni anafua mashuka, na Mwanvita amesimama juu yake na simu mkononi. Mume wa Mwanvita ana shamba huko kwetu Mlali, kwa hiyo habari za Mlali humfikia yeye kabla hazijatufikia sisi wenyewe.

"Nimekufa?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Josephina Riziki, marehemu. Mama yako marehemu. Mjomba wenu, mzee wa watu, marehemu. Ukoo mzima mmekwisha, kabaki Elia peke yake. Na jana jioni ulikuja kwangu kuazima mbuzi ya nazi. Kumbe nimempa maiti."

Josephina alicheka kidogo, kama anavyocheka mtu anayeona mwenzake anamsubiri acheke. Akakamua shuka, akaliweka upande, akaingia ndani akafunga mlango. Mwanvita alidhani amefuata ile mbuzi amrudishie. Alisubiri mpaka jua likafika kibarazani, kisha akaenda zake.

Mimi ni mama mdogo wake Josephina. Kwetu tulizaliwa wanawake watatu: dada Riziki ndiye mkubwa, na ndiye mama yake Josephina, mimi ni wa kati, wa mwisho ni Furaha. Wanaume ni wawili, kaka Anselmi aliye juu yetu sote, na Elia. Mama yetu mzazi alikuwa Bibi Leokadia, Mungu amlaze mahali pema.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ukoo huo tunauita lukolo. Shamba la bibi hushuka kwa binti zake, na kwa watoto wa binti zake, na msimamizi ni mjomba. Watoto wa kaka Anselmi ni watoto wake, tunawapenda, lakini mashamba yao yako kwa mama yao. Watu waliotoka mikoani huko wakisikia hivyo hushangaa. Sisi tumezaliwa tukayakuta.

Sasa, kwenye ukoo lazima awepo mtu anayejua nani ni nani. Miaka kumi na moja iliyopita kaka Anselmi alinunua kaunta buku, akampa Josephina, kwa sababu mwandiko wake umesimama vizuri na hana haraka. Josephina aliifunika kwa karatasi ya kaki, juu yake nailoni. Kila mwaka mwezi wa nane, mavuno yakishaingia, alipanda Mlali akapita nyumba kwa nyumba. Nani kazaliwa, nani kaolewa wapi, nani katutoka. Mtoto akizaliwa hata saa ya mkunga kunawa mikono haijafika, mtu anapiga simu: "Josephina, andika." Na ukimuuliza yeyote wa kwetu habari ya shamba au ya ndugu, jibu lilikuwa moja. Muulize Josephina.

Inabidi nieleze maisha yake mengine ndipo mtu aone jambo hilo lilikuwa na uzito gani. Alisoma mpaka kidato cha nne, matokeo hayakumpeleka mbele. Akashuka mjini, akapata kazi kwenye duka la steshenari, njia ya kwenda shule ya wasichana. Anatoa kopi, anaprinti, anachapa barua za kuomba kazi. Ana miaka thelathini na sita na yuko kwenye kiti kilekile. Wengi aliowachapia barua walipata kazi, wengine sasa wanapita na magari yao wakishusha kioo kumwambia, "Dada wa kopi, habari za siku?" Jina lake hawalijui. Mjini alikuwa dada wa kopi, na Mlali alikuwa Josephina. Hapo ndipo penye habari yote.

Mwaka juzi paa la dada Riziki lilivuja, maji yakaingia kwenye kaunta buku, kurasa saba wino ukatawanyika. Josephina alilia kama amefiwa. Akaamua kuyaingiza majina yote kwenye kompyuta. Akajiandikisha mafunzo ya Jumamosi nane, kwenye ukumbi mmoja mjini, wanafundisha lugha ya kompyuta inayoitwa Python. Mwalimu alikuwa kijana mmoja, Dennis, mtu wa Moshi.

Siku walipofika kwenye mambo ya kurithi, Dennis aliandika ubaoni klasi ya Baba, chini yake klasi ya Mtoto, akasema Mtoto anarithi kila alicho nacho Baba.

Josephina akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwetu baba harithishi."

"Kwenu wapi?"

"Hapahapa. Hii milima unayoiona dirishani."

Darasa likacheka. "Basi andika Mama," Dennis akasema. "Kompyuta haina kabila."

Mimi ni wa darasa la saba, lakini Josephina alinieleza hadi nikaelewa, akatumia matofali. Klasi ni kalibu. Kalibu haijengi nyumba; unaitumia kutoa matofali, na tofali ndilo kitu chenyewe. Kila tofali lina alama zake: hili limepasuka, hili limeiva vizuri, na kupasuka kwa moja hakupasui jingine. Halafu unaweza kuchonga kalibu mpya kutoka kwenye kalibu ya zamani. Hiyo ndiyo kurithi. Chochote kilichochongwa kwenye ile ya kwanza kitatokea kwenye ya pili bila kukichonga tena, isipokuwa kama ya pili umeichonga alama yake yenyewe mahali palepale.

Jumamosi ya tatu Josephina alifanya kosa ambalo, nadhani, angelifanya Mluguru yeyote. Alisikia kurithi, akawaza lukolo. Akamchongea kila mtu kalibu yake: kwanza ya bibi, kutoka hiyo akachonga ya mama yake, na kutoka ya mama yake akachonga ya kwake mwenyewe. Akafurahi kwa sababu shamba, na neno la kuwa hai, aliviandika mara moja tu, kwa bibi, navyo vikashuka vyenyewe mpaka kwa wajukuu. Akamwita Dennis aje aone.

Dennis akatazama. "Dada Josephina," akasema kwa sauti ya ukumbi mzima, "siku ukiandika bibi amekufa, utakuwa umezika mtaa."

Kuna baba mmoja mbele alicheka mpaka akapiga meza. Dennis hakuwa na ubaya. Alikaa naye baadaye akamwonyesha kwamba kurithi kwa klasi ni kwa aina ya kitu, si kwa damu ya mtu. Kalibu iwe moja, ya Mtu. Watu wote wawe matofali yake, na kwenye kila tofali uandike mama yake ni nani na kama yu hai. Ukitaka kujua shamba, unamuuliza mtu, naye anamuuliza mama yake, naye mama yake. Kama unahitaji kurithi, basi chonga kalibu ya Mwanaukoo na ya Mkwe kutoka kwenye ile ya Mtu, maana hizo ni aina. Josephina alielewa vizuri sana, kwa sababu alichekwa. Akamaliza Jumamosi zote nane, akapewa cheti. Akawa anayaingiza majina polepole kwenye kompyuta ya dukani, pale wateja wanapokatika.

Hajafika hata nusu, Witness akarudi.

Witness ni mtoto wa Furaha, ana miaka ishirini na minne. Alirudi kutoka Dodoma na shahada ya mambo ya utawala, na laptopu. Kompyuta alijifunza mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu. Ni msichana mzuri, ana adabu, anasalimia mpaka walio mbali. Nasema hivyo kwa sababu ingekuwa rahisi kama angekuwa na kiburi.

Krismasi ile ukoo ulikutana nyumbani kwa kaka Anselmi. Baada ya chakula kaka akasimama.

"Josephina, mwanangu, umetusaidia sana. Sasa pumzika. Kaunta buku mpe mdogo wako, tuna msomi sasa. Yeye kasoma kompyuta."

Josephina akasema taratibu, "Mjomba, na mimi nina cheti."

"Cha kutoa kopi?" Furaha akauliza.

Watu wakacheka. Furaha ni mdogo wangu, namjua, alitania tu, na hata yeye ameshasahau kwamba alisema. Josephina akainuka, akaenda chumbani kwa mama yake akaitoa kaunta buku chini ya kitanda. Nilimwona ameifuta vumbi kwa upande wa kanga yake, na vumbi halikuwepo. Akaiweka mikononi mwa Witness.

Witness akapiga goti. "Asante dada. Nitaitunza."

"Karatasi ya tisa imeachia," Josephina akamwambia. "Usiivute."

Tangu siku hiyo alianza kumhesabu. Sisemi kumchukia. Alihesabu mara ambazo kaka Anselmi alimwita Witness msomi wetu. Alijua Witness amesoma somo la kwanza kanisani Jumapili ngapi. Alipokwenda Mlali akamkuta ameweka kaunta buku juu ya gunia la kabichi, alirudi mjini na maumivu ya kichwa. Mtu akimpigia simu kwa mazoea, "Josephina, mtoto kazaliwa," yeye anajibu, "Mpigie msomi." Nilimwambia, mwanangu, wivu ni kama moshi wa jikoni, anayekohoa ni mpishi. Akaniambia, "Mama mdogo, sina wivu. Nimechoka tu." Alikuwa amekonda shingo.

Mwezi wa pili Witness akaja dukani kwake na laptopu kifuani kama mtoto mchanga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu kiti."

"Nimekuja unitazamie. Mjomba kafurahi, lakini mjomba hajui. Wewe umeishi na haya majina."

Akafungua. Nitaweka hapa mistari michache, kama Josephina alivyoniandikia nyuma ya kopi iliyoharibika:

class Leokadia:
    shamba = "Mtoni"
    hai = True

class Riziki(Leokadia):
    pass

class Josephina(Riziki):
    pass

True ni kweli, yaani yu hai; na neno la mwisho, pass, ni kama kusema pita, huyu sina cha kumwongezea. Na ikaendelea hivyo, watu arobaini na wawili, kila mtu kalibu yake.

"Ona, dada," Witness akasema. "Shamba nimeliandika mara moja tu, kwa bibi. Wote wanarithi kwa mama, kama sisi kabisa. Mjomba nilipomwonyesha alisimama."

Elia peke yake ndiye aliyekuwa na mstari wake. Kaka yetu huyo alipotelea kwenye mashamba ya miwa ya Kilombero, miaka tisa hana salamu, mpaka tukamwombea misa ya marehemu. Kwa hiyo Witness alikuwa amemwandikia mwenyewe kwamba si hai. Januari Elia akatokea mlangoni anaulizia pilau, Witness akarekebisha: hai.

Josephina aliona kosa kabla Witness hajaondoa kidole kwenye kioo. Ni lilelile lake. Aliniambia kwamba alisikia hata kile kicheko cha ukumbini, na yule baba anapiga meza. Ilihitaji maneno manne tu: bibi akifa, wote tutakufa. Alimtazama mdogo wake, uso unang'aa, anasubiri.

"Umefanya vizuri," akasema. "Vizuri sana."

"Kweli dada?"

"Kweli."

Witness akamkumbatia, akaondoka. Mteja aliyekuja baada ya hapo alitoa kitambulisho akataka kopi mbili, Josephina akamtolea kumi.

Mwezi wa nne, mvua kubwa zinanyesha, Bibi Leokadia akalala na hakuamka. Alikuwa na miaka tisini na mbili, alishapakwa mafuta, tulikuwa tunasali naye rozari kila jioni. Tukamzika Mlali. Bado matanga hayajatulia, kijiji kikatangaza kwamba wapimaji wa ardhi wanakuja Jumanne ya wiki ya tatu kwa ajili ya hati za kimila. Kila ukoo ulete orodha ya wanaukoo walio hai, isomwe mbele ya watu, asiyekubali aseme.

Witness alikuwa na msiba, ana wageni, anapika. Jumatatu alikaa na laptopu dakika chache. Akaenda kwa Leokadia, pale palipoandikwa True akaandika False, si kweli. Neno moja. Hakutazama kilichotokea chini, akaituma orodha kwa Watsapu dukani kwa dada yake: "Dada naomba uprinti nakala ishirini, umpe mtu wa gari la nyanya anayerudi Mlali leo."

Josephina akabonyeza. Karatasi ya kwanza ikatoka.

Leokadia, marehemu. Anselmi Leokadia, marehemu. Riziki Leokadia, marehemu. Mimi marehemu. Furaha marehemu. Elia Leokadia, yu hai. Akashuka kwa kidole mpaka akalifikia jina lake mwenyewe. Aliniambia alilisoma mara tatu, na kwamba alipaswa kuogopa, lakini kitu cha kwanza alichosikia moyoni kilikuwa ni raha. Akachukua simu akaandika, "Umeisoma?" Akafuta. Akaandika, "Witness nipigie." Akafuta. Mashine ikawa inaendelea kutoa, ishirini zikatimia. Akazigonga mezani zikakaa sawa, akazitia kwenye bahasha ya kaki, akaenda mwenyewe kumkabidhi mtu wa gari. Kisha akamwomba mwenye duka ruhusa ya kubaki kazini Jumanne badala ya kwenda mkutanoni Mlali, ruhusa ambayo hakuna aliyekuwa amemnyima.

Jumanne mimi nilikuwepo. Tulikaa kwenye darasa la shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda juu. Mbele wapimaji wawili, mwanamke na mwanamume, na mwenyekiti wa kijiji. Kaka Anselmi akavaa miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja.

"Leokadia, marehemu," akasoma. Tukainamisha vichwa.

"Anselmi Leokadia, marehemu."

Akageuza karatasi akatazama nyuma, akairudisha.

"Riziki Leokadia, marehemu."

"Kaka, nipo," dada Riziki akasema.

"Nakuona. Nasoma kilichoandikwa."

Akaendelea. Nadhani alitegemea kwamba kila jina linalofuata ndilo litakalokuwa sawa. Nilisikia jina langu, nikashika rozari mfukoni. Alipofika kwa kitukuu wa marehemu, mtoto wa miezi mitatu aliyekuwa mgongoni kwa mama yake, yule mama akafungua kanga, akamleta mtoto mbele akaweka sikio kwenye pua yake. Hapo hakuna aliyecheka tena. Kwa Elia tu ndipo kaka alisoma, "yu hai," na Elia, amesimama mlangoni anatafuna muwa, akasema, "Basi Mtoni yote yangu."

Yule mpimaji mwanamke alifunga faili. Alisema kwa upole, "Mzee, poleni na msiba. Ukoo wenu tunauweka mwisho. Mkishajua nani yu hai, mtatuletea msimu ujao." Akaita ukoo mwingine.

Witness alikuwa amefungua laptopu mapajani. "Nilibadilisha neno moja tu," alikuwa anasema. "Moja tu, mjomba." Wazee hawajui mambo ya neno moja. Wanachojua ni kwamba wiki tatu baada ya mazishi binti amewaandika wazima kwenye kundi la wafu, mpaka kitoto kichanga. Mzee mmoja alisema neno ambalo sitaliandika hapa, neno ambalo likimshika mwanamke huko kwetu halitoki kirahisi. Furaha akamfunika binti yake kanga kichwani akamtoa nje. Tangu Jumapili iliyofuata Witness hakusoma tena somo kanisani. Alikaa nyuma, karibu na mlango.

"Kaunta buku irudi kwa Josephina," kaka Anselmi akasema. Wote tukasema ndiyo. Na mimi nilisema.

Kaka aliileta mwenyewe mpaka Kilakala, pamoja na nyanya nusu ndoo. Mzee wa miaka sabini akasimama mlangoni kwa mpwa wake. "Tulikosea, mwanangu," akasema. Josephina alikuwa ameyasubiri maneno hayo tangu Krismasi. Alipika chai, akamkaribisha, na baada ya kuondoka akaitia kaunta buku kabatini na kugeuza kabati likatazama ukuta.

Baadaye akaitoa, na programu akaiandika upya kwa michana minne dukani. Kalibu moja ya Mtu, na ile ya Mwanaukoo, na ya Mkwe. Akamwandika bibi kuwa marehemu, akatazama: arobaini na mmoja wapo hai. Hesabu ni sawa. Watu wakaanza kumsifu. Kwenye jumuiya ya kanisa akina mama walimshika mikono, "Wewe ndiye wetu wa kutegemewa, hukusoma sana lakini una akili." Kila akisifiwa nilimwona anajikunja. Na wivu, mnaodhani uliisha, haukuisha. Kwenye kaunta buku alikuta mwandiko wa Witness. Kwa kila mtoto mdogo ameandika saa aliyozaliwa, na msimamizi wake wa ubatizo, na mkunga. "Miaka kumi na moja sikuwahi kuuliza mkunga ni nani," akaniambia. "Yeye kwa miezi minne." Alisema kama mtu aliyeibiwa.

Hiyo ilikuwa Ijumaa, tumetoka kwenye jumuiya, tunatembea kurudi. Ndipo aliponiambia yote, ya laptopu na ya bahasha.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Nilitaka mjomba amtazame yeye kama alivyonitazama mimi. Siku moja tu."

"Na sasa?"

"Sasa anamtazama hivyo kila siku."

Nikamwambia aende kwa mdogo wake, na kabla ya hapo atubu kwa Mungu. Alikwenda Mlali mara mbili. Mara ya kwanza alimkuta Furaha, akasema amefuata mbegu za mchicha, akarudi na mbegu za mchicha. Mara ya pili alimkuta Witness peke yake anachambua maharage. Wakakaa. Witness hakusema neno la dukani wala la siku ile; aliuliza tu, "Dada, kosa lilikuwa wapi? Nataka kujua kabla sijafa kweli."

Josephina alimweleza. Alichora chini kwa kijiti kalibu na matofali, akamweleza aina na damu, akamweleza kwa nini Elia alisalimika, maana alikuwa na alama yake mwenyewe. Alimweleza vizuri kuliko Dennis. Witness alisikiliza, mwisho akafuta mikono.

"Sasa naona. Ni jambo dogo kabisa. Siku ile dukani ungeliona ungeniambia."

"Ndiyo," Josephina akasema.

Akaniambia kwamba hilo neno "ndiyo" ndilo linalomzuia kula.

Kaka Anselmi ameniomba niandike habari za wanawake wa ukoo wetu, ukurasa mmoja mmoja, zibandikwe mwishoni mwa kaunta buku, zisomwe mwezi wa nane tukikutana. Nilianza na mama yetu, nikafuatisha dada Riziki, nikaja kwa Josephina. Wiki iliyopita nilimpelekea dukani nilichoandika. Nilikuwa nimeandika kwamba alitunza majina yetu miaka kumi na moja, na kwamba mdogo wake alipokosea, yeye alirekebisha bila kunung'unika. Nilidhani nimemfanyia wema. Na kwa kweli, Mungu anisamehe, nilidhani nimewafanyia wote wawili wema.

Alisoma amesimama, mashine ya kopi inawaka nyuma yake. Akachukua kalamu akakata huo mstari wa kurekebisha, akaukata tena juu ya ulipokatwa. Nilimwambia kwamba ukurasa huu utasomwa mbele ya mjomba wake, na mama yake, na wale wazee, na kwamba kaunta buku inaweza kuondoka tena mikononi mwake, safari hii moja kwa moja. Akasema anajua. Mteja aliingia na kitabu cha kutoa kopi, Josephina akamwambia asubiri kidogo, akanirudishia karatasi.

"Mama mdogo, naomba uandike kwamba niliona mara mbili nikanyamaza, halafu umpe Witness asome kabla ya mtu mwingine yeyote."